Una Brandi ya Nguo Chuoni? Jua Lini Umlipe Dizaina

Mwaka wa pili, bumu lilipoingia, mimi na mwenzangu wa chumbani tulifungua brandi ya fulana. Hatukuwa wa kwanza wala hatutakuwa wa mwisho. Pita hosteli yoyote leo, utakuta angalau mlango mmoja una mtu anayeuza fulana, hudi au kofia zenye jina alilobuni mwenyewe. Kila mmoja wetu alitoa shilingi 150,000. Tukaenda Kariakoo, tukanunua fulana 40 zisizo na maandishi kwa 5,000 kila moja, tukazipeleka kuchapwa kwa 2,000 kila moja, na 20,000 iliyobaki ikaishia kwenye nauli na mifuko. Dizaini haikutugharimu kitu. Niliifanya mwenyewe kwenye simu, usiku mmoja, nikamtumia mchapaji kwa WhatsApp.

Fulana ziliporudi, picha ilikuwa na ukungu, maandishi madogo yalijaa wino yasisomeke, na ile rangi ya machungwa iliyokuwa inawaka kwenye simu ilitoka kama tofali. Mchapaji hakuwa na kosa, alichapa alichotumiwa. Tuliuza 11 kwa 12,000, na nadhani wengi walinunua kwa kutuonea huruma. Zile 29 zikalala chini ya kitanda. Hasara ikawa 168,000.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba ile 150,000 ya mwenzangu ilikuwa na kazi nyingine: michango ya shule ya mdogo wake. Hakuwahi kunilaumu, na kiukweli hilo liliniuma kuliko angenilaumu. Ndipo nikaanza kujiuliza swali ambalo tulipaswa kulijibu kabla ya kupanda daladala kwenda Kariakoo: dizaini ipi tufanye wenyewe, na ipi tumpe mtu wa nje?

Kosa la pili lilitoka upande wa pili

Semista iliyofuata tukasema safari hii hatufanyi ubahili. Tukamtafuta dizaina mjini, tukamlipa 60,000, tukamwambia, "Kaka, tutengenezee kitu kikali." Maelekezo yetu yote yalikuwa hayo. Akatuletea simba mwenye taji. Tukafurahi kinoma. Wiki tatu baadaye, nikiwa kwenye daladala, nikamwona simba wetu na taji lake kwenye kibao cha saluni ya kiume.

Kumbe jamaa alichukua mchoro wa bure mtandaoni, akabadilisha rangi na kuweka jina letu chini. Nilikasirika, lakini nilipotulia nikaona sehemu yetu ya kosa. Tulimpa hela bila kumpa wazo, naye akatupa wazo la kila mtu. Mara ya kwanza tuling'ang'ania kazi tuliyopaswa kuitoa. Mara ya pili tulitoa kazi tuliyopaswa kubaki nayo.

Dizaini si kazi moja

Shida inaanzia kwenye hilo neno "dizaini". Tunalisema kama kazi moja, kumbe ndani yake kuna kazi nne tofauti.

Ya kwanza ni wazo: brandi inasema nini, inamwambia nani, na kwa nini mtu aivae. Ya pili ni mchoro wenyewe, yaani nembo, herufi na picha. Ya tatu ni faili la kuchapia, ambalo ni ule mchoro uliotayarishwa ili mashine na wino viuelewe. Ya nne ni paterni, kwa wale wanaoshona nguo kutoka kitambaa badala ya kuchapa juu ya nguo iliyoshonwa tayari. Pembeni kuna kazi ndogondogo za kila siku kama matangazo ya Instagram na bei za stetasi.

Ukizitenganisha hivyo, swali la "nilipe au nisilipe" linakuwa jepesi, kwa sababu huulizi tena kuhusu dizaini nzima. Unauliza kuhusu kazi moja moja.

Wazo usilitoe nje

Angalia kanga. Kwa miaka mingi, hadi katikati ya karne iliyopita, kanga nyingi zilizovaliwa pwani ya Afrika Mashariki zilichapwa mbali: India, Ulaya, Japani. Kule Helmond, Uholanzi, kulikuwa na kiwanda kilichochapa kanga za kuja kuuzwa huku. Lakini maneno ya kwenye kanga yalitoka kwa watu wanaokijua Kiswahili na wanaomjua mvaaji. Mfanyabiashara wa Mombasa au Zanzibar ndiye aliyejua wanawake wanasemaje msimu huu, pindo la namna gani limechokwa, rangi ipi itagombaniwa. Mashine ilikuwa ya mwingine, lakini jina la kanga lilikuwa la hapa.

Hata brandi ya chuoni iko hivyohivyo. Wewe ndiye unayejua foleni ya kusaini bumu, wali wa kantini, na testi iliyotangazwa jana kwa ajili ya leo. Dizaina wa mjini hata awe fundi vipi hawezi kukujulia hayo. Ukiona huna la kumwambia zaidi ya "kitu kikali", ujue hujafika wakati wa kulipa. Kaa kwanza na daftari.

Kinachofutika na kisichofutika

Kwa kazi zilizobaki, mimi huuliza maswali mawili. Kazi hii inarudi mara ngapi? Na nikikosea, kosa linafutika?

Tangazo la Instagram linarudi kila wiki, na ukikosea unalifuta. Hiyo jifunze mwenyewe. Kumlipa mtu kila wiki kwa kazi ambayo simu yako inaweza ni kumwaga maji kwenye mchanga. Faili la kuchapia linakuja mara moja kwa kila toleo la nguo, na kosa lake likishaingia kwenye fulana 40 halitoki hata kwa jiki. Hilo, kama hujalisomea, lipia.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo wengi tunapoliwa. Picha ya kawaida ya simu imeundwa na vidoti vinavyoitwa pikseli. Ukiikuza, vidoti navyo vinakua, na ukungu unaanza. Kwa uchapaji mzuri wachapaji hupenda vidoti 300 kwa kila inchi, kwa ukubwa halisi wa mchoro. Mchoro wa kifuani wenye upana wa inchi 11 unahitaji pikseli 3,300 kwa upana. Picha iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa, kwa hiyo ilifika kwa mchapaji ikiwa imepunguzwa. Faili la vekta halina shida hiyo kwa sababu limejengwa kwa mistari inayokokotolewa upya kila ukubwa unapobadilika. Mchoro uleule unakaa kwenye lebo ya shingoni na kwenye bango la ukutani bila kuharibika.

Rangi nazo zina mambo yake. Simu inaonyesha rangi kwa mwanga, fulana inaipata kwa wino, na vitu hivyo viwili havilingani. Ukichapa kwa fremu zenye wavu, kila rangi inataka fremu yake. Kwenye fulana nyeusi mara nyingi lazima ianze tabaka ya wino mweupe chini ili rangi za juu zionekane, na hiyo ni fremu nyingine. Ukitaka fulana 10 tu zenye rangi nyingi, DTF inaweza kukufaa zaidi kwa sababu haihitaji fremu za rangi. Uchapaji wa sablimesheni unashika vizuri kwenye poliesta ya rangi nyepesi, si kwenye pamba. Mtu anayejua hayo anakuokoa kabla hujatoa hela.

Paterni ni hivyohivyo. Ukitaka kushona hudi kuanzia S hadi XXL, si suala la kupanua kila upande kwa kiasi kilekile. Shingo haikui kwa kasi ya kifua, wala mkono kwa kasi ya kiuno. Tafuta fundi wa paterni, mlipe, na ushone sampo moja uivae wiki nzima kabla ya kukata kitambaa cha nguo 20.

Piga hesabu kabla ya kupiga simu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua mfano wa fulana unayoinunua 5,000, unaichapa kwa 2,000, unaiuza 12,000. Kila moja inakupa 5,000. Dizaina akitaka 40,000, maana yake fulana 8 za mwanzo zinamfanyia kazi yeye. Kama una uhakika wa wateja 8 tu, usimwajiri, chapa maandishi rahisi ya rangi moja uone kwanza kama watu wanaitaka brandi yako. Kama una 30 walioweka oda, gharama yake ni kama 1,300 kwa fulana.

Ila usiishie hapo. Dizaina mzuri anaweza kupunguza gharama nyingine. Wetu wa mara ya tatu aliupokea mchoro wenye rangi 4 akaurudisha ukiwa na rangi 2, na ukapendeza zaidi. Mchapaji alikuwa anatoza 15,000 kwa kila fremu, kwa hiyo fremu mbili zilizoondoka zilituokolea 30,000. Ukitoa hiyo kwenye 40,000 tuliyomlipa, kazi yake ilitugharimu 10,000.

Halafu weka na saa zako kwenye hesabu. Kujifunza kuchora vekta ni jambo zuri, na kama unataka kuishi kwa kazi hii, anza. Lakini kuanza kujifunza wiki mbili kabla ya UE ili kuokoa 40,000 kunaweza kukurudisha sapu, na sapu haina punguzo.

Ukishaamua kutoa kazi

Mwaka 1971 Phil Knight, aliyewahi kufundisha uhasibu Portland State University kule Marekani, alihitaji alama ya viatu vyake. Alimpa kazi mwanafunzi wa dizaini aliyekutana naye chuoni hapo, Carolyn Davidson. Maelekezo yalieleweka: alama ikae ubavuni mwa kiatu, ionyeshe mwendo, isifanane na mistari mitatu ya Adidas. Alilipwa dola 35, na alama ile ndiyo ya Nike hadi leo. Mwaka 1983 kampuni ilimpa hisa na pete yenye alama hiyo. Wengi hushangaa zile dola 35. Mimi huangalia yale maelekezo. Na huangalia pia kwamba mtu waliyemhitaji alikuwa palepale chuoni. Kabla hujaenda mjini, ulizia wanafunzi wa sanaa, ila usimpunje kwa sababu tu mnakula kantini moja.

Andikeni ukurasa mmoja, hata kama ni rafiki yako. Muweke nguo gani na rangi gani, mchoro unakaa wapi kwa sentimita ngapi, mchapaji anatumia njia gani, marekebisho ni mara ngapi, na kazi inaisha lini. Lipa nusu mwanzo na nusu ukipokea. Dai faili la vekta na la PDF, siyo picha peke yake. Mwombe athibitishe kwa maandishi kwamba mchoro ni wake, hakuuokota.

Andikeni pia nani anamiliki mchoro baada ya malipo. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na usidhani risiti peke yake inatosha kukufanya mwenye haki zote. Jina na nembo zikianza kujulikana, alama ya biashara kwa Tanzania Bara husajiliwa BRELA.

Mara ya tatu

Wazo la mara ya tatu tulilipata tukiwa tumelala. Kitanda kimoja, watu wawili, kwa sababu kuna mshkaji alikosa chumba tukambeba. Mwenzangu akachora kwenye daftari la Takwimu: kitanda cha deka, miguu minne imetokeza kwenye shuka, chini neno "Tumebebana". Tulikaa nalo wiki mbili, tukawaonyesha watu wa korido yetu, tukachukua oda. Kisha tukampelekea dada mmoja wa mwaka wa tatu anayesoma sanaa, pamoja na ule ukurasa mmoja.

Fulana 30 zilitugharimu 250,000 pamoja na hela yake. Hadi UE inaanza tulikuwa tumeuza 26, sawa na 312,000. Faida 62,000. Si hela ya kununulia gari, na hasara ya kwanza haijarudi yote. Lakini hatukubishana tuigawane vipi. Niliituma yote kwa simu ya mwenzangu, naye akaituma nyumbani jioni ileile.

Zile 29 za mwanzo bado ziko chini ya kitanda. Tunazitumia kudekia chumba.