Vita vya Mbali na Sinia Zetu

Samaki wanaoshushwa pwani ya Mkokotoni, mkabala na Tumbatu, ni wa bahari yetu wenyewe. Lakini wali wa kumlia samaki huyo, wasomaji wetu watukufu, kwa sehemu kubwa hutokana na mchele wa ng'ambo; wala jambo hili si la leo.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Burma ndiyo iliyokuwa ikiuza mchele mwingi kuliko nchi yoyote duniani, na Unguja, iliyojaza ardhi yake mikarafuu, ilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Mwezi wa Machi 1942 majeshi ya Japani yakaiteka Rangoon, na mchele ule ukakoma kuja. Huko Bengal, ambako nako uliingia mchele wa Burma, njaa ya mwaka 1943 iliua watu wakadiriwao kufika milioni tatu. Na haki ni kusema kwamba makosa ya watawala na tamaa ya walanguzi yaliizidisha. Hapa Unguja chakula kiligawiwa kwa kipimo, na mgao ukafuata makabila, hata mchele usiwafikie wote sawasawa. Sisi twaona hilo lilikuwa zito kuliko uhaba wenyewe, kwani jirani alianza kuulizwa asili yake kabla ya kupewa punje. Muhogo ndio uliowasitiri wengi.

Miaka themanini baadaye, tarehe 24 Februari 2022, Urusi iliivamia Ukraine. Nchi mbili hizo zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano inayouzwa baina ya mataifa, na bandari za Ukraine katika Bahari Nyeusi zikafungwa. Wiki sita hazijatimia vyema, Ramadhani ikaandama. Mama apikaye chapati na sambusa za futari alizijua khabari za vita hivyo kwa bei ya unga na mafuta, bila ya kusikiliza redio. Mbolea nayo ilipanda, maana Urusi ni muuzaji wake mkubwa. Kwa hiyo hata mkulima wa mpunga wa Kibokwa, asiyenunua mchele wa mtu, hakusalimika.

Vijana wengi hulipita bonde la Kinyasini wakielekea kwenye mahoteli ya Nungwi. Hatuwalaumu: mpunga wataka maji, mbolea na miezi kadhaa ya subira, na bei yake mkulima haijui mpaka siku ya kuuza.