Feni ya umeme kwenye lori: Je, inafaa kwa njia ya Kasese na Mpondwe?

Bei ya dizeli inapopanda, wasafirishaji hutafuta kila njia ya kupunguza matumizi ya mafuta. Mojawapo ya njia zinazozungumzwa katika gereji ni kuondoa feni ya kawaida ya injini, ile inayozungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, na kufunga feni ya umeme mahali pake. Hoja inayotolewa ni kwamba feni ya mkanda hula nguvu ya injini saa zote, ilhali ya umeme huzunguka pale tu joto linapopanda.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika. Kwa lori linalopakia saruji Hima na kuvuka Mpondwe kwenda Beni au Butembo, au linalorudi na mbao na kahawa kuelekea Kampala, badiliko hilo linaweza kuokoa lita chache za dizeli na baadaye kugharimu injini nzima. Ni vizuri msafirishaji apige hesabu kabla ya kumwambia fundi afungue boliti ya kwanza.

Feni inafanya kazi lini?

Katika injini ya dizeli, chini ya nusu ya nishati iliyomo katika mafuta ndiyo inayosukuma gari. Sehemu kubwa iliyobaki hutoka kama joto kupitia ekzosi na maji ya rejeta. Lori likienda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara tambarare, upepo wa mwendo wenyewe hupoza rejeta, na feni haina kazi kubwa.

Hali hugeuka lori linapopanda mlima likiwa na mzigo. Hapo injini inatoa nguvu zake zote na joto lake lote, lakini gari linakwenda kilomita 15 au 20 kwa saa. Upepo wa mwendo karibu haupo. Injini inategemea feni peke yake, na safari nzima hupimwa hapo.

Hesabu ya umeme

Feni ya lori kubwa la trela, ikishika kikamilifu, inaweza kuchukua kilowati 15 hadi 30 kutoka kwenye injini, yaani nguvu farasi 20 hadi 40. Ndiyo maana mngurumo wake husikika mbali.

Alteneta ya volti 24 yenye uwezo wa ampea 100 hutoa wati 2,400 tu, ambazo ni kama nguvu farasi 3. Humo humo zimo taa, waipa na kuchaji betri. Kwa hiyo feni za umeme zinazouzwa madukani haziwezi kufanya kazi ya feni ya trela, hata zikifungwa mbili au tatu. Huko Marekani yapo mabasi ya mijini yanayopozwa kwa feni za umeme, lakini yalifungwa seti nzima ya feni nyingi pamoja na alteneta kubwa kuliko ya kawaida. Hayakuvuliwa feni moja na kuwekewa nyingine ya gari dogo.

Kwa malori madogo ya tani 2 hadi 4, kama Canter, Elf na Dyna, jambo hili linawezekana. Injini ni ndogo na joto lake ni dogo. Lakini hata hapo kuna masharti, na faida yake si kubwa kama inavyosemwa.

Hesabu ya dizeli

Chukua mfano wa lori dogo ambalo feni yake imefungwa moja kwa moja bila klachi, na kwa wastani inachukua kilowati 3. Katika saa 10 za safari hiyo ni kazi ya kilowati-saa 30. Injini ya dizeli hutumia takribani robo lita kwa kila kilowati-saa, kwa hiyo feni hiyo itakuwa imekula lita 7 na nusu hivi.

Sasa chukua feni za umeme za wati 500 kwa jumla, zinazozunguka nusu ya safari. Umeme wake ni kilowati-saa 2.5. Lakini alteneta na mkanda wake hupoteza karibu nusu ya nguvu zinazopokea, hivyo injini italazimika kutoa kilowati-saa 5, sawa na lita 1 na robo. Umeme wa gari si wa bure, nao hutoka kwenye dizeli ile ile.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi huisahau, nayo ni feni ya mkanda yenye klachi ya mafuta. Ndani yake mna mafuta mazito ya silikoni. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, klachi hushika na feni huzunguka kwa nguvu. Hewa ikipoa, klachi huachia na feni huzunguka polepole. Feni hiyo ikishika kwa robo ya safari, pamoja na mburuto wake mdogo inapoachia, itatumia kama lita 2 na nusu.

Kwa maneno mengine, akiba kubwa hupatikana kwa kutoka kwenye feni isiyo na klachi kwenda kwenye feni yenye klachi. Kutoka hapo kwenda kwenye feni ya umeme kunaongeza takribani lita moja tu kwa siku nzima ya kazi. Mwenye lori ambalo tayari lina klachi nzima anaweka injini rehani kwa ajili ya lita hiyo moja.

Njia yenyewe

Njia ya Mpondwe inachanganya mambo yote yanayochosha rejeta. Kasese na Bwera ziko chini ya milima ya Rwenzori, katika bonde lenye joto. Lori linalotoka Mpondwe kupitia Kikorongo na Katunguru kuelekea Mbarara hukatiza mbuga ya Queen Elizabeth likiwa tayari lina joto, kisha hupanda ukingo wa bonde hadi Kichwamba. Likiharibikia mbugani usiku, dereva na utingo wake hulala kati ya tembo na viboko, na mzigo unawasubiri.

Upande wa Congo, Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita, hivyo feni ile ile hupitisha hewa pungufu. Maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kifuniko kizima cha rejeta, kwa kubana maji, hukisukuma kiwango hicho hadi karibu nyuzi 115. Kifuniko kilichochoka hakifanyi hivyo.

Ujenzi wa lami wa Kasindi–Beni, kilomita 80, na Beni–Butembo, kilomita 54, ulizinduliwa Juni 2021 na marais wa Uganda na Congo. Mahali ambapo lami haijafika, vumbi huingia kwenye mapezi ya rejeta na kuyaziba. Rejeta iliyozibwa haisaidiwi na feni ya aina yoyote.

Faida ambazo ni za kweli

Feni ya umeme ina mambo mawili mazuri. Kwanza, huzunguka kwa kasi yake yote hata gari likiwa limesimama, jambo linalofaa kwenye foleni ya forodha. Hata hivyo, injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini alteneta nayo hutoa umeme mdogo, na betri huanza kuliwa. Foleni ikiwa ndefu, kuzima injini kunaokoa zaidi.

Pili, inaweza kuzimwa kabla ya kuingia kwenye maji. Feni ya mkanda ikipiga maji mengi inaweza kujipinda mbele na kukata rejeta. Kwa wilaya iliyoona mto Nyamwamba ukifurika mwaka 2013 na tena 2020, hilo si jambo dogo.

Akiamua kubadilisha

Mwenye lori dogo anayeamua kuendelea azingatie haya:

- Asome ampea zilizoandikwa kwenye alteneta, ajumlishe taa na vifaa vyote vya usiku, kisha aone kama zinazobaki zinatosha feni.
- Anunue feni ya volti 24 ikiwa lori ni la volti 24. Feni nyingi za magari madogo ni za volti 12. Kuiunganisha kwenye betri moja kati ya mbili huifanya betri hiyo ipungue huku nyingine ikizidishiwa chaji, na zote hufa mapema.
- Afunge feni mbili badala ya moja, ili moja ikifa nyingine ibaki. Zikae nyuma ya rejeta na kuvuta hewa, zikiwa na kava linalofunika rejeta yote. Feni ikizungushwa kinyume itapigana na upepo wa mwendo. Kipande cha karatasi kikiwekwa mbele ya rejeta kinapaswa kunasa, si kupeperuka.
- Atumie waya mnene, rilei na fyuzi iliyo karibu na betri, swichi ya joto kwenye rejeta, na swichi ya pili ya mkono kwa dereva.
- Aweke taa ya onyo au kengele ya joto. Mkanda ukikatika, mara nyingi taa ya chaji huwaka. Fyuzi ya feni ikiungua, hakuna kinachomwambia dereva.
- Asiondoe mkanda wenyewe, kwa kuwa mara nyingi ndio unaozungusha pampu ya maji na alteneta.
- Aitunze feni ya zamani na boliti zake. Jaribio la kweli lifanywe mchana, mlimani, lori likiwa na mzigo, fundi akiwa ndani. Injini inayopoa vizuri ikiwa imesimama gereji haijathibitisha lolote.

Kabla ya kubadilisha chochote

Mara nyingi feni hulaumiwa kwa kosa la kitu kingine. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, feni yenye klachi ikisukumwa kwa mkono inapaswa kuzunguka kwa uzito kidogo. Ikizunguka bure kama gurudumu, au ikigoma kabisa, au ikiwa na alama za mafuta yaliyovuja katikati, klachi imekufa na inahitaji kubadilishwa.

Rejeta ioshwe ikiwa imepoa, kwa maji yasiyo na presha kali, kutoka upande wa injini kwenda nje, ili vumbi litoke lilikoingilia. Presha kali hukunja mapezi. Rejeta ya hewa ya tabo iliyo mbele nayo isisahauliwe. Maji ya mtoni au ya kisima huacha magamba ndani ya mirija, kwa hiyo kulanti inayofaa ni nafuu kuliko rejeta mpya. Thamostati, kifuniko na mipira ya maji vikaguliwe pia.

Mwenye mzigo naye ana nafasi yake. Kabla ya kukubaliana bei ya kusafirisha samaki au nyanya, amwulize mwenye lori kama feni yake ni ya mkanda au ya umeme, na kama limewahi kupanda Kichwamba au Butembo likiwa limejaa tangu lifungwe hiyo feni. Silinda hedi ikipinda mlimani, mwenye lori atatafuta fundi, lakini nyanya hazitasubiri.