Riba ya Marekani na Ajira ya Nairobi

Yamkini vijana wetu wengi wa kompyuta hawatambui kwamba ajira zao huamuliwa pia huko Washington. Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba kutoka karibu sufuri. Kufikia Julai 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Wawekezaji waliokuwa wakizimimina fedha katika kampuni changa za Afrika wakaona heri waziweke penye faida isiyo na wasiwasi.

Hapa kwetu matokeo tuliyaona. Mwaka wa 2023 kampuni ya uchukuzi ya Sendy ilisitisha shughuli zake. Mei 2024 Copia, iliyowauzia wanavijiji bidhaa kupitia mawakala, ikakabidhiwa wasimamizi wa ufilisi. Wateja Copia ilikuwa nao tele, lakini mapato hayakukidhi gharama, na pengo hilo lilizibwa na fedha za wawekezaji. Zilipokosekana, mwandishi wa programu na dereva wa lori walitoka kwa mlango mmoja.

Mwanafunzi anayeniuliza asomee nini humwambia asomee kompyuta bila woga. Ila siku ya mahojiano naye aulize: mshahara huu watoka kwa mteja au kwa mwekezaji? Fedha zilizopo zatosha miezi mingapi? Mwajiri akinuna, kununa nako ni jibu. Tena akisome kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Mfanyakazi anayepunguzwa hustahili, pamoja na notisi, malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Kwa aliyetumika miaka miwili, hayo ni malipo ya siku 30.