Kilosa haikuchanganyika kwa bahati

Likitajwa eneo la watu mchanganyiko Tanzania, wengi wetu tulioko ughaibuni tunakimbilia Kariakoo. Kilosa na vijiji vyake, Tindiga ikiwamo, huhesabiwa kuwa kwa Wasagara basi, na habari zake hutufikia pale tu wakulima na wafugaji wanapopigana. Mchanganyiko wa wilaya hii haukuja kwa bahati: watu waliletwa na kazi, kazi ikaisha, nao wakabaki na swali la ardhi.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilipita Kilosa kabla ya kufika Kigoma mwaka 1914. Mashamba ya mkonge yakafuata njia yake, ya Kimamba yakiwamo. Mwenyeji mwenye shamba lake hakuona sababu ya kumkatia mzungu mkonge kwa ujira mdogo, ndipo manamba, vibarua wa mkataba, wakatafutwa mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba nchini waliunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua, ikawachukua watu wa Kigoma, Songea, hata Rwanda na Burundi. Kila kibarua alishika kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku haikutiwa alama mpaka amalize sehemu aliyopimiwa. Mkataba ulipokwisha wengine walirudi kwao. Wengine walioa na kufungua mashamba. Kamba za nailoni ziliporomosha bei ya mkonge, mashamba mengi yakageuka vichaka, lakini watu hawakuondoka.

Kuna atakayesema makabila haya hayapatani, akanikumbusha kijiji cha Rudewa Mbuyuni, humo humo Kilosa, ambako Desemba 2000 mapigano ya wakulima na wafugaji yaliua watu 38. Hoja nzito, siipuuzi. Ila wakulima wenyewe ni wa makabila mengi na wanakaa kitongoji kimoja. Kama kabila lingekuwa ndilo chanzo, wangeanza kupigana wao kwa wao. Kinachogombaniwa ni mabonde. Kiangazi ng'ombe hushushwa kufuata maji na majani mabichi kwenye ardhi oevu, hapo hapo penye mpunga na bustani. Anayesema “Wamasai” au “Waswahili” anataja pande za ugomvi, si sababu yake, na viongozi wanaohubiri amani bila kupima mipaka wanapoteza muda.

Kwa hiyo wewe unayetaka kutuma hela ununuliwe ekari chache bondeni huko, iulize kwanza serikali ya kijiji, kisha wafugaji wenyewe: njia ya ng'ombe inapita wapi?