Mzigo wa Msimbo: Kuchagua Viunzi vya JavaScript kwa Simu za Tandale na Mbagala

Uchaguzi wa zana za kutengenezea tovuti huzungumzwa mara nyingi kana kwamba unamhusu mtengenezaji peke yake, ilhali anayeubeba mzigo wake ni yule anayefungua ukurasa, ambaye katika Dar es Salaam aghalabu yuko Tandale, Tandika au Mbagala, ameshika simu ya bei nafuu na amejiunga na bando la siku.

JavaScript, lugha iliyobuniwa na Brendan Eich kwa siku 10 mwaka 1995, ndiyo inayoupa ukurasa uwezo wa kubadilika bila kupakiwa upya. Juu yake vimejengwa viunzi, ambavyo mafundi huviita fremuweki, yaani msimbo ulioandikwa tayari na unaoweka utaratibu wa kuipanga kazi nzima: AngularJS ilitoka mwaka 2010, React mwaka 2013 na Vue mwaka 2014. Kiunzi humwondolea mtengenezaji kazi ya kugusa kila kisanduku na kila kitufe, kwa kuwa yeye hueleza tu hali ya data ilivyo, kisha kiunzi chenyewe hutafuta sehemu ya ukurasa inayopaswa kubadilika.

Urahisi huo una uzito. React pamoja na sehemu yake inayochora ukurasa huzidi kilobaiti 40 hata baada ya kubanwa, kiasi ambacho si kikubwa, lakini maktaba za ziada za msimbo zikirundikwa juu yake ukurasa hufika megabaiti 1 kwa urahisi, nayo megabaiti 1 katika mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde huchukua sekunde 8 kufika. Tena, picha ikifika huonyeshwa tu, ilhali msimbo ukifika ni lazima kichakataji kiusome, kiutafsiri na kuutekeleza, na hapo ndipo simu ya bei nafuu huganda ingawa mtandao ni mzuri.

Mfano ulio karibu na wakazi wenyewe ni ramani. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuichora kata hiyo katika OpenStreetMap, ramani huru ya dunia, na mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria, ulioshirikisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) yenye ofisi Kijitonyama, uliendeleza kazi hiyo katika kata nyingine zinazokumbwa na mafuriko, ukichora majengo, vichochoro na mitaro ya maji. Ramani za namna hiyo zinaweza kuonyeshwa kwa Leaflet, maktaba iliyoanzishwa na Vladimir Agafonkin mwaka 2011, yenye takribani kilobaiti 42 na isiyotegemea kiunzi chochote. Leaflet huichukua ramani iliyogawanywa katika vigae vidogo vya picha na kuagiza vile tu vinavyoonekana kiooni, hivyo mkazi anayetaka kuuona mtaro wa mtaa wake halipii jiji zima. Kuuzungushia ukurasa wa aina hiyo kiunzi kizito ni kumtoza mkazi gharama isiyomfaa kwa lolote. Mfumo wa ofisi wenye fomu nyingi, unaofunguliwa asubuhi na kutumika hadi jioni, ni jambo jingine, kwani humo React au Vue hulipa deni lake.

Baina ya mwandishi na msomaji husimama zana za ujenzi, zinazounganisha mafaili mengi kuwa machache na kuyabana. Webpack ilianza mwaka 2012. Rollup, ya mwaka 2015, ikaeneza mbinu inayofaa kuitwa kupukutisha, ambapo msimbo usiotumika hudondoshwa kama majani makavu. Na mwaka 2020 zilitoka esbuild, iliyoandikwa kwa lugha ya Go kwa ajili ya kasi, pamoja na Vite. Kupukutisha kuna thamani kubwa kuliko jina la kiunzi, maana mtu akichukua kipengele kimoja cha maktaba hapaswi kumbebesha msomaji maktaba yote.

Zana hizo nazo zina gharama upande wa mtengenezaji, kwa sababu hupakua vifurushi vya msimbo kwa mamia kutoka ghala la npm. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora Tanzania nzima, na kazi inayotegemea upakuaji kila inapojengwa ni ya kwanza kukwama katika hali kama hiyo. Ndiyo maana inafaa kuchagua zana yenye vitegemezi vichache na kutunza nakala zake katika kompyuta ya kazi.

Uchaguzi huo unaweza kupimwa mapema, kwani baadhi ya vivinjari vya kompyuta vina sehemu inayopunguza kwa makusudi kasi ya mtandao na ya kichakataji, hivyo mtengenezaji aliyeko Kijitonyama anaweza kuuona ukurasa wake takribani kama utakavyofunguka Mbagala Rangi Tatu, kabla hajafunga uamuzi wa kiunzi.