Makorokoro ya Kihambani

Kuanzia wiki ya pili ya Desemba, mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa hadi kwenye buti. Wachagga wanakwenda kuhesabiwa, ndivyo wanavyotaniwa nchi nzima, na wao wenyewe wameshaukubali utani huo. Kinachozungumzwa kidogo ni mizigo yao. Pamoja na mchele na nguo za sikukuu, chini ya basi kuna godoro lililokunjwa na kukazwa kwa kamba, friji isiyogandisha vizuri, meza ya kioo iliyopasuka pembe moja, na kochi la watu watatu lililotolewa sebuleni Kimara au Tabata kwa sababu jipya limeingia. Hakuna anayesema anatupa. Anapeleka nyumbani.

Wakazi wa Machame ndio wanaouona mwisho wa safari hiyo. Kutoka njia panda ya Machame gari hupanda kati ya migomba na mibuni kuelekea Nkwarungo, na kwenye kila kijia kinachokata kulia au kushoto kuna nyumba ya bati, mara nyingi kubwa kuliko idadi ya watu wanaolala ndani yake. Wazee wawili, au mama peke yake na binti wa kazi. Chumba kimoja ni cha mama, kimoja cha wageni, vinavyobaki vina kufuli. Mlango ukifunguliwa, makochi yamepandana hadi karibu na dari. Kuna baiskeli isiyo na tairi la mbele, madumu, ndoo za rangi, pasi ya mkaa, na tranka za shule ya bweni zilizoandikwa kwa rangi nyeupe majina ya watu ambao sasa wana wajukuu.

Mama mwenye nyumba hajanunua hata robo ya vitu hivyo.

Haikuwa hivi zamani, ingawa hakuna sababu ya kuamini kwamba watu wa zamani walikuwa na nidhamu kuliko wa leo. Nyumba ya msonge iliezekwa kwa nyasi, watu na mifugo wakalala chini ya paa moja, na juu ya moto palikuwa na dari ya miti ya kuwekea kuni, nafaka na ndizi. Nafasi ilikuwa ndogo, lakini kila kilichozidi kilikuwa na njia ya kutoka. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa ng'ombe, samadi ikaenda kwenye migomba, chungu kilichovunjika kikarudi udongoni, kibuyu kilichopasuka kikaishia motoni. Kihamba, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, hakikuhitaji jalala. Tabia ya kutotupa kitu ililelewa katika mazingira hayo, nayo ilikuwa busara kabisa. Ila godoro la sponji halina ng'ombe wa kulila. Ndoo ya plastiki ikipasuka hubaki ndoo iliyopasuka, na itamzika aliyeinunua.

Na ardhi yenyewe si ya kupoteza. Utafiti wa vihamba vya Wachagga uliochapishwa mwaka 1984 ulikuta wastani wa hekta 0.68 kwa kaya, yaani ekari moja na nusu na ushee, na tangu hapo vihamba vimeendelea kugawanywa kwa watoto. Kujenga banda la kuhifadhia makochi mahali ambapo ungeota mgomba ni anasa ambayo watu huifanya bila kupiga hesabu.

Kizazi kinachotunza nyumba hizi leo kilipata pia somo jingine, tena gumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo kukawa na vita vya Kagera. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na khanga vikawa vitu vya kupangia foleni, na kwa watu wa Kilimanjaro, ambao Kenya wanaiona kwa macho, bidhaa za kuvuka mpaka zikaitwa magendo. Mwaka 1983 serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikaendesha msako wa wahujumu uchumi. Wapo waliotupa bidhaa usiku na wapo waliozifukia ili wasikutwe nazo. Mwanamke aliyekuwa na miaka thelathini wakati huo sasa amevuka sabini. Anajua kwamba duka linaweza kufunguliwa likiwa tupu, na kwamba kopo lenye mfuniko ni mali. Mjukuu akimwambia kopo hilo ni takataka, hamwoni kuwa ni mtu wa kisasa. Anamwona kuwa hajawahi kukosa. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, zilikuwepo nyumba ambazo hazikuhisi pengo, maana chini ya godoro mifuko ya rambo ilikuwa imekunjwa ya kutosha miaka.

Halafu kuna kahawa. Chama cha wakulima wa kahawa wenyeji kilianza Kilimanjaro mwaka 1925, muungano wa vyama vya ushirika, KNCU, ukasajiliwa mwaka 1933, na fedha za kahawa ndizo zilizojenga nyingi ya nyumba za bati na kulipa ada za wale ambao majina yao yameandikwa kwenye zile tranka. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakidhibiti biashara ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na kaya nyingi zikageukia nyanya, maziwa na ndizi. Vifaa havikuondoka. Mashine ya mkono ya kumenyea kahawa ipo kwenye kona ya stoo, nyavu za kuanikia zimeviringishwa, bomba la mgongoni la kupigia dawa linaning'inia msumarini, na chini yake kuna makopo yasiyosomeka tena. Kutupa mashine ya kahawa kwenye kihamba cha Machame ni kama kutangaza kwamba kahawa haitarudi, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuitoa taarifa hiyo.

Hofu ya kuachia kitu imeshapimwa. Mwaka 1990 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Wengine walipewa kikombe cha kawaida, wengine hawakupewa. Waliopewa walitaka, kwa wastani, Dola 7.12 ndipo wakiuze, ilhali wasio nacho walikuwa tayari kutoa Dola 2.87 tu kukinunua. Kikombe ni kilekile, na walikuwa wamekimiliki kwa muda mfupi sana. Sasa fikiria kochi lililokaa miaka ishirini, alilolikalia marehemu baba akisikiliza taarifa ya habari.

Duniani kuna walimu wengi wa kupunguza vitu, na maarufu zaidi ni Marie Kondo wa Japani, ambaye Netflix ilimpa kipindi chake Januari 2019. Anafundisha kushika kila kitu mkononi na kujiuliza kama kinakuletea furaha. Kama hapana, kishukuru kisha kiage. Ni ushauri mzuri kwa mtu anayeishi na vitu vyake mwenyewe. Kihambani swali hilo halina wa kujibu. Godoro ni la mwana aliye Dar es Salaam, kabati ni la binti aliyehamia Mwanza, mashine ni ya marehemu, na vyombo vya wageni vimewekwa kwa ajili ya harusi ya mtoto ambaye bado yuko darasa la nne. Mama akijaribu kutoa kitu, simu inalia: "Mama, hicho usiguse, nitakuja kukichukua." Hachukui. Miaka inapita, na mama anaendelea kufagia kandokando yake.

Hapa ndipo ushauri mwingi wa majarida unapokwama. Unamlenga mama mwenye nyumba kana kwamba yeye ndiye tatizo, wakati yeye ni mtunza ghala asiyelipwa.

Kwa mila ya Kichagga, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hubaki na wazazi na kurithi nyumba yao, huku mkubwa akipewa sehemu yake mapema. Kitinda mimba basi hurithi nyumba pamoja na mizigo ya ndugu zake wote, naye mara nyingi anaishi mjini. Mabinti, ambao mila hiyo iliwaacha pembeni kwenye ardhi, ndio wanaoitwa kusafisha kukiwa na msiba. Hilo nalo lingefaa kuzungumzwa kabla ya kushika ufagio.

Nchini Sweden kuna desturi ya mzee kupunguza vitu vyake mwenyewe angali hai ili asiwaachie watoto kazi, na Margareta Magnusson aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 2017. Machame desturi hiyo ingeanza kwa kuwatisha watu: mzee anayegawa vyombo huonekana anaaga. Ugawaji unaoeleweka ni ule wa baada ya mazishi, ukoo unapokaa kikao na nguo za marehemu kugawiwa. Kikao hicho hutoa nguo. Makochi hayatajwi.

Gharama ya kuchelewa kuvitoa vitu hivi ipo, tena si ya urembo tu. Masika kwenye miteremko hii ni mazito, na chumba kilichojaa hakipitishi hewa. Magodoro hushika ukungu, panya huzaliana ndani ya makochi. Matairi yaliyolundikwa nje hukusanya maji, na katika maji ya namna hiyo huzaliana mbu anayeeneza homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Hatari kubwa kuliko zote ni yale makopo yasiyosomeka: mrututu na viuatilifu vya kahawa vya miaka mingi. Havifai kumwagwa shimoni, na kwenye mfereji ndiyo kabisa, kwa sababu maji ya mfereji wa Machame yana jirani wa chini anayeyasubiri. Vibaki kwenye makopo yake, mbali na watoto na chakula, na aulizwe afisa ugani wa kata. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, kilichoanza mwaka 1934, hakiko mbali, na huko wapo wanaozijua dawa hizo.

Njia za kutolea vitu vingine zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mnunuzi wa vyuma chakavu hupita na mizani yake, na mabati, vitanda vya chuma na masufuria yaliyotoboka huishia viwandani na kurudi madukani yakiwa bidhaa mpya. Nguo nzima zinaweza kugawiwa, na za kuuza zina soko. Anayetilia shaka atembee soko la mitumba la Memorial mjini Moshi aone jinsi nguo iliyovaliwa inavyopata mwenyewe mpya. Katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), baada ya ibada hunadiwa mkungu wa ndizi, jogoo au trei ya mayai, na hakuna kinachozuia kiti kizima kupanda mnadani siku hiyo. Mbao za makochi ni kuni. Sponji ndiyo hukataa kila kitu, kwa hiyo dawa yake ni kutopandisha mlima nyingine.

Ipo sababu moja ya kulimbikiza ambayo inaondoka yenyewe. Zamani kila boma lilihitaji sufuria kubwa na viti vingi, kwa sababu msiba haupigi hodi. Sasa vikundi vingi vya kufa na kuzikana, vya akina mama na vya jumuiya vina viti vya plastiki, maturubai na masufuria yao, na mwanachama akifiwa huletewa. Familia iliyo kwenye kikundi kama hicho inaweza kubaki na sahani za watu kumi bila kuaibika. Kabla ya kumwambia mama apunguze vyombo, mwanawe angeangalia kwanza kama ada ya kikundi imelipwa.

Kazi yote hii ya kupunguza vitu inawezekana vizuri zaidi mwishoni mwa Desemba, ndugu wote wakiwepo, na isiachiwe mtu mmoja. Wengine wameshagundua kwamba kundi la ukoo la WhatsApp linafaa kwa zaidi ya salamu za Pasaka: picha moja kwa kila kitu, na swali moja, nani anakichukua na kwa gari gani. Tarehe ya mwisho iwekwe, na iheshimiwe. Anayetaka kochi libaki kwa sababu ya baba, alipeleke kwake. Mama naye apewe kura ya turufu kwenye vitu vyake, ikiwemo makopo yenye mifuniko, kwa kuwa hayo anayatumia, na hakuna aliyemwuliza alipopelekewa friji mbovu.

Kitu kimoja kisiingie katika zoezi la haraka, nacho ni ule mkoba ulio uvunguni mwa kitanda cha mama. Humo mna stakabadhi za kahawa, vyeti vya ubatizo na kipaimara, barua, na zile karatasi za kuuziana shamba zilizoandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi. Mgogoro wa mpaka ukifika baraza la kata, karatasi ya namna hiyo inaweza kuwa ndio ushahidi pekee wa maandishi ambao familia inao. Mkoba huo ufunguliwe mchana, na watu wasiopungua wawili, mmoja wao awe anaujua mwandiko wa babu. Na kila karatasi ipigwe picha kabla yeyote hajasema ni ya kuchoma.