Gurudumu la Motakaa: Pima Kwanza, Lipa Baadaye

Wako watu wanaonunua gurudumu la motakaa kuukuu kwa kulitazama tu. Wakiona matundu matano, mara watoa fedha. Yafaa wajue kwamba gurudumu lisilokaa sawa laweza kuchomoka njiani na kuua watu.

Chukua rula. Pima toka katikati ya tundu moja la nati mpaka katikati ya tundu la jirani. Kwa Land Rover za zamani utapata milimita 97. Kwa Toyota Land Cruiser nyingi za aina ya 70 zilizotengenezwa tangu mwaka 1999, utapata milimita 88. Yote yana matundu matano, walakini hili haliingii mahali pa lile.

Kisha tazama matundu yenyewe. Yakiwa yamechongwa mshazari, nati nazo ziwe za mshazari. Nati bapa hulegea hapo. Likiisha kufungwa, lizungushe na kukata kona, uone halisugui breki wala bodi.

Kaza nati kwa kuruka moja moja, wala si kwa kufuatana. Baada ya kilomita 50 hivi, zikaze tena.

Muuzaji akikuzuia kupima, rudi nyumbani na fedha zako.